Ganda Lililogoma Dirishani

Nakutegea, na usikimbilie kunipa mji. Nina nyumba ya chuma, chumba kimoja, dirisha moja. Mgeni hulala humo kimya kama maji mtungini. Siku akipiga ukelele, roho yake hutoka mbio kwa mlango wa mbele na joho lake hutupwa nje kwa dirisha, ndipo mgeni mwingine apate pa kulala. Joho likinasa dirishani, haingii mtu wala hatoki. Nyumba gani hiyo?

Unakuna kichwa? Usione haya. Mkuu wa Kituo naye alikuwa akikuna chake asubuhi hiyo, na nyumba yenyewe iko mbele yake mezani, imelazwa juu ya kitambaa cheupe. Ilikuwa bastola. Mgeni ni risasi, joho ni lile ganda la shaba linalobaki risasi ikishakwenda zake, na dirisha ni tundu la ubavuni ganda linapotokea. Ganda lilikuwa bado limesimama wima dirishani, limebanwa na chuma, kama kidole cha mtu aliyefungiwa mlango.

"Hakuna aliyeligusa?" aliuliza Inspekta.

"Nilisema atakayeligusa nitamkata mkono," alijibu Mkuu.

"Vizuri. Ila mikono tutaihitaji leo, usiikate yote."

Inspekta alikuwa mama wa makamo, mnene wa kutosha, miwani ikimning'inia kifuani kwa kamba ya kiatu. Vituo vyote alivyopita walimwita Mama Kwanini, maana swali hilo halikumbanduka mdomoni. Wala jina hilo halikumuudhi. Alikuwa akisema jina la kupewa halilipiwi kodi.

Alivaa miwani, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa chuma. Hakugusa. Akazunguka meza, akatazama upande wa pili.

"Haya, Mkuu. Nisimulie kwa ufupi."

Mkuu alisimulia. Konstebo wake, binti mmoja mdogo wa umbo, alikuwa doria nyuma ya ghala la mabomba ya maji. Akamkuta mwizi anashuka dirishani na gunia. Binti akapiga risasi moja hewani, akamwamuru alale chini. Mwizi hakulala. Alichomoa panga akamwendea. Binti akafyatua mara ya pili, bastola kimya. Mwizi akaliona lile ganda limesimama, akacheka, akageuka, akaruka ukuta na gunia lake.

"Alinusurika, tumshukuru Mungu," alisema Inspekta.

"Tumshukuru, ndiyo. Lakini swali ni nani aliyenusurika zaidi. Huyo mwizi na huyo binti wamekulia ua mmoja. Mlango kwa mlango. Sasa unaona?"

"Naona ua. Kosa bado sijaliona."

"Mimi ninaliona." Mkuu aligonga meza kwa kidole, taratibu, maana hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyeaibika. "Risasi ya kwanza imepigwa ili watu wasikie. Ya pili imekwama ili jirani apone. Mji mzima unacheka. Ukinionyesha sababu nyingine, nitaipokea kwa mikono miwili. La sivyo, kabla ya gwaride la jioni, binti yule avue sare."

Inspekta alikunja kitambaa juu ya bastola kama anayemfunika mtoto, akatoka nayo.

*

Konstebo alikuwa kwenye benchi la ukumbini, ameketi wima kama msumari. Kofia ilimkalia kichwani kama sufuria juu ya figa. Kituoni walimwita Sisimizi, kwa udogo wake, na kwa jambo la pili ambalo Inspekta aliliona mara moja: alipotaka kumsogezea kiti, binti alikuwa ameshakisogeza mwenyewe, na cha Inspekta pia.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Nimekula."

"Midomo imekauka kama jamvi, halafu umekula." Inspekta alitoa kipande cha mkate mkobani, akakiweka juu ya goti la binti. "Tafuna huku unajibu. Siandiki. Risasi ya kwanza, ulisikiaje?"

"Ilipiga teke kama kawaida, afande. Hapana, si kama kawaida." Alitafuna kidogo. "Teke lilikuwa zito, polepole. Mimi nilikuwa naita wenzangu kwenye redio, sikutia maanani."

"Ya pili?"

"Haikuwepo. Triga ililegea kama jino la mtoto."

"Mlifundishwa nini ganda likinasa?"

"Gonga magazini kwa chini, vuta mgongo wa bastola nyuma kwa nguvu, ganda lidondoke, uachie, uendelee." Alisema kwa mfululizo kama mtoto anayesoma shairi. Magazini ni kile kisanduku cha risasi kinachochomekwa mpinini, na mgongo wa bastola ndicho kile chuma cha juu kinachokwenda nyuma na kurudi kila risasi inapolia.

"Ukafanya hivyo?"

"Nilianza. Mgongo ulikuwa..." Akaziangalia kamba za viatu vyake.

"Ulikuwaje?"

"Mgumu kidogo. Si sana. Ninaweza, afande."

"Sikukuuliza kama unaweza. Nimekuuliza ulikuwaje."

"Mgumu. Nilidhani ni mafuta mapya."

"Ulianza lini ugumu huo?"

"Tangu nilipoichukua ghala la silaha kuanza doria, wiki hii."

"Ukamwambia nani?"

"Nani nimwambie, afande? Niende niseme bastola ngumu? Sajini angenitafutia ya maji, ya kuchezea." Alipangusa makombo kwenye sare kwa uangalifu, moja moja. "Kila siku kuna mtu anataka kunibebea kitu. Nikisema hiki kizito, kesho wataniweka mapokezi nigonge mihuri."

Inspekta alimtazama kwa juu ya miwani.

"Na yule kijana wa panga, jirani yenu?"

"Yule?" Kwa mara ya kwanza Sisimizi alikasirika. "Yule ameniibia sandali tangu tukicheza tope! Mama yake alikuwa anasema kazikopa. Ningemtia pingu, afande, swali la kwanza lingekuwa sandali. Mabomba baadaye."

Inspekta alicheka mpaka kamba ya miwani ikatikisika. Kisha akasimama. "Maliza mkate. Nitakuita uwanjani."

*

Ghala la silaha lilikuwa chumba kirefu chenye dirisha moja la nondo, na harufu ya mafuta ambayo Inspekta angeitambua hata akiwa usingizini. Jiliwa kubwa la kubania vyuma limefungwa kwenye ukingo wa meza. Brashi zimetundikwa kwa ukubwa, kuanzia ya kusugulia mtutu wa bunduki hadi ya kusafishia tundu la sindano. Kwenye rafu, makopo ya springi, misumari na pini, kila kabila kopo lake.

Mzee aliyekuwa nyuma ya meza hakuinua uso. "Miguu hiyo naijua," alisema. "Binti, umenenepa."

"Na wewe umekauka, Baba Fundi. Kilichokutoka wewe nimekiokota mimi."

Hapo akainuka, akaja, akamshika mikono yote miwili. Mikono ya Fundi ilikuwa kama koleo za seremala. Yeye ndiye aliyemfundisha Inspekta kushika bastola, enzi hizo Inspekta akiwa mwembamba na mwoga, akifumba macho kabla ya kila mlio.

"Umekuja kwa ajili ya mtoto," alisema Fundi.

"Nimekuja kwa ajili ya ganda."

"Mtoto yule hana hatia. Anakuja hapa kila akitoka kazini, anakaa pale kwenye sanduku, anasafisha silaha yake mwenyewe. Hajaniomba hata kitambaa. Anakuja na chake kutoka kwao! Nimwone akiharibu bastola? Bora niambiwe paka ameuza maziwa."

"Basi nisaidie. Tuifungue."

Walivaa miwani wote wawili, wakainamia meza. Fundi alitoa magazini kwanza. Akaushika mgongo, akauvuta nyuma kwa mkono mmoja bila jasho, na ganda likadondoka juu ya kitambaa, ting. Inspekta akaliokota kwa kibano akaliinua kwenye mwanga.

"Ukingoni pana alama," alisema.

"Ya kucha. Ile ndoano ndogo inayolishika ganda na kulivuta litoke chumbani. Imeshika vizuri, ona. Halikuponyoka."

"Kwa hiyo liling'oka, likafika dirishani, likanasa."

"Ndiyo. Na ganda likinasa hivyo, binti, washukiwa ni wale wale tangu nimeanza kazi. Chumba kichafu." Alipitisha brashi ndogo ndani, akaitoa, nyeupe. "Si huyu. Kucha iliyolika. Kile kipande cha ndani kinacholipiga ganda teke, kikivunjika. Hakijavunjika, kitazame. Mkono wa mpigaji, ukiwa umelegea kama kamba iliyolowa, maana bastola inataka ukuta wa kuegemea. Ukilegeza mkono, bastola nzima inarudi nyuma, na mgongo unakosa nguvu ya kufika mwisho."

"Na wewe unamshuku nani?"

"Risasi zenyewe." Fundi alionyesha dari, doa kubwa la maji. "Paa lilivuja juu ya sanduku la risasi msimu wa mvua. Baruti ikipata unyevu inakuwa na hasira ndogo. Haina nguvu ya kuusukuma mgongo mpaka mwisho. Nimeshamwambia Mkuu kuhusu paa mpaka ulimi umeota sugu."

Alisema kwa moyo wote, na Inspekta aliona anaamini anachokisema.

"Tutazipima," alisema. Kisha akauliza, kama anayeuliza bei ya chumvi: "Nani aliifungua bastola hii mara ya mwisho, kabla ya leo?"

Fundi alichukua kitambaa akafuta meza mahali palipokuwa pasafi.

"Chai yako itapoa," alisema.

"Chai gani, Baba? Hatujapika."

"Basi nikachote maji." Akatwaa birika, akatoka nje, na muda mfupi baadaye Inspekta alimwona kupitia nondo za dirisha, amesimama kwenye bomba, birika limejaa na linamwagika, naye hafungi.

*

Uwanja wa shabaha ulikuwa nyuma ya kituo, ukuta wa udongo mbele na pipa kuukuu la mafuta pembeni. Msimamizi wake alikuwa Sajini, mtu wa tumbo na utani, ambaye aliweza kukaa kimya pale tu alipokuwa analenga. Mkuu alikuja na kiti chake. Fundi alisimama nyuma, mikono mgongoni.

"Tunaanza na mshukiwa wa kwanza," alisema Inspekta. "Sajini, chukua risasi za lile sanduku lililovujiwa, tia kwenye bastola yako, piga."

Sajini alipiga magazini nzima. Maganda yaliruka kulia moja baada ya jingine, yakagonga pipa, kang, kang, kang.

"Kama bisi, afande! Lete chumvi!"

Inspekta aligeuka. "Baba Fundi, risasi zako hazina hatia. Unyevu haukuzifikia."

Fundi aliitikia kwa kichwa, lakini taratibu, kama mtu aliyeambiwa nyumba anayoifikia imehamishwa.

"Sasa bastola ya Sisimizi, mkononi mwa Sajini. Risasi mpya kabisa."

Sajini alipiga. Zote zililia. Mkuu aliinuka kitini. "Umeona? Haikukwama hata mara moja! Mashine ni nzima!"

"Imelia zote, kweli," alisema Inspekta. Alikuwa haitazami shabaha wala Mkuu. Alikuwa ametazama chini. "Kwanini maganda yako hapa?"

Wote wakatazama. Maganda ya bastola ya kwanza yalikuwa kule kwenye pipa. Haya ya pili yalikuwa yamelala kando ya buti la Sajini, yamerundikana, mengine juu ya kidole cha buti.

"Ya kwanza ilitema kama kijana," alisema Inspekta. "Hii imetema kama mzee asiye na meno. Imetoa, lakini kwa kuchoka. Baba Fundi, badilisha kucha."

Fundi alifanya kazi hiyo juu ya pipa, kwa bisibisi ndogo na pumzi ndefu, akatia kucha mpya kutoka kwenye karatasi yake. Sajini akapiga tena. Maganda yakaanguka pale pale, miguuni.

"Kucha haina hatia," alisema Inspekta. "Sisimizi, njoo."

Binti alikuja. Akashika bastola kwa mikono miwili, akapanua miguu, akapiga. Zote zikalia, zote zikaanguka miguuni. Mkuu alikuwa tayari ameanza kukunja kiti chake.

"Inspekta, nakuheshimu kama dada yangu. Lakini umetumalizia risasi kunithibitishia nilichosema. Kwake pia inafanya kazi. Siku ile tu ndiyo haikufanya!"

"Siku ile," alisema Inspekta polepole, "alikuwa akiita wenzake. Mkuu, niazime redio yako."

"Ya nini?"

"Si ya kupikia. Mwanangu, ishike kwa mkono wa kushoto kama siku ile. Bastola mkono wa kulia peke yake. Piga risasi moja, kisha ya pili."

Sisimizi alielewa kabla ya wengine. Akaweka redio karibu na mdomo, akanyoosha mkono wa kulia. Mlio mmoja. Akavuta triga tena, hakuna kitu. Ganda lilikuwa limesimama dirishani, wima, linawatazama.

Mkuu aliweka kiti chini, akasogea kulitazama. Sajini pia.

"Hivyo hivyo," alinong'ona Sisimizi. "Hivyo hivyo ndivyo lilivyokuwa!"

"Basi ni mkono," alisema Mkuu, na sauti yake ilikuwa imepungua makali. "Si njama, nakubali. Ni udhaifu. Lakini askari ambaye mkono wake haubebi silaha yake..."

Uso wa Sisimizi ulizimika kama taa iliyopulizwa. Afadhali angeitwa mwongo.

"Ngoja, Mkuu. Mbio za sakafuni huishia ukingoni," alisema Inspekta. "Mpeni bastola ya Sajini. Mkono ule ule, redio ile ile."

Sisimizi alipiga kwa mkono mmoja. Kang, likagonga pipa. Kang. Kang. Magazini ikaisha bila ganda hata moja kugoma.

"Mkono ni huu huu," alisema Inspekta, akiuinua mkono wa binti kama wa bondia aliyeshinda. "Bastola ni za aina moja, zimetoka kiwanda kimoja. Mkono huu kwa bastola ile, salama. Mkono wa Sajini kwa bastola hii, inachechemea lakini inafika. Mkono huu kwa bastola hii, inakwama. Kwa hiyo kuna kitu ndani ya hii kinachotaka mkono mzito. Kwanini?"

Alichukua bastola zote mbili, tupu. Akauvuta mgongo wa ile ya Sajini, ukaja. Akauvuta wa ile ya Sisimizi, akakunja uso, akaubana kifuani, akauvuta tena kwa mikono miwili mpaka mishipa ya shingo ikatoka. Mzee alikuwa ameuvuta kwa mkono mmoja asubuhi ile bila kutweta, ndiyo maana Inspekta hakuwa amegundua.

"Baba Fundi," alisema, anatweta kidogo. "Nilikuuliza kitu ghalani. Nani aliifungua hii mara ya mwisho?"

"Jua kali hili," alisema Fundi. "Twendeni ndani."

*

Ghalani, Inspekta alifungua bastola zote mbili yeye mwenyewe. Fundi alikuwa ameketi kwenye lile sanduku ambalo Sisimizi hukalia, mikono yake mikubwa katikati ya magoti. Sisimizi alisimama mlangoni. Mkuu aliegemea rafu.

Springi mbili zililazwa juu ya kitambaa, sambamba.

"Tazama, Mkuu. Hii ni ya Sajini. Waya mwembamba. Hii ni ya binti."

Mkuu aliinama. Hakuhitaji miwani. Waya wa pili ulikuwa mnene zaidi, na pete zake zimebanana.

"Hii si springi ya bastola hii," alisema.

"Si yake. Kazi ya springi ni kuurudisha mgongo mbele. Umewahi kuona mlango wenye springi ngumu? Mtu mzima akiusukuma unafika ukutani. Mtoto akiusukuma unaishia njiani na kumrudia. Risasi ikilia, inausukuma mgongo nyuma. Springi hii inaukatalia. Mgongo haufiki mwisho, ganda halipigwi teke la kutosha, linajikokota tu kutoka. Ukiwa na mkono mzito nyuma yake, litaponea chupuchupu. Ukiwa na redio mkono mwingine, mlango unafunga ganda likiwa bado kizingitini."

"Na anayeweka springi ngumu hupata faida gani?"

"Watu husema teke la bastola hupungua. Linakuwa zito, polepole, halichomi kiganja."

Inspekta aliishika springi nene kwa kibano, akaigeuza. Ncha yake ilikuwa imekatwa ili itoshe, kisha ikasuguliwa kwa tupa mpaka ikawa mviringo, laini kama jicho la samaki, ikapakwa tone la mafuta. Hakuna ambaye angeiona ncha hiyo ikiwa ndani. Kituo kile mtu wa kulainisha kitu kitakachofichwa alikuwa mmoja. Inspekta aliilaza springi chini.

Mkuu ndiye aliyesema.

"Sasa nimeelewa," alisema, na ule ukali ulirudi wote kwa pamoja. "Nilikuwa nataka kumhurumia! Anashinda humu kila siku. Anakaa kwenye sanduku hilo. Makopo ya springi yako usawa wa pua yake. Aliibadilisha mwenyewe, akijua itakwama, akamngojea jirani yake aruke ukuta. Inspekta, wewe ndiwe uliyenipa ushahidi niliokuwa nimeukosa. Konstebo! Wewe uliigusa springi hii?"

"Hapana, afande," alisema Sisimizi.

"Ni nani basi? Panya?"

Sisimizi alifungua mdomo. Macho yake yalikwenda kwenye ile springi, yakakaa kwenye ile ncha laini. Yeye naye alikuwa amejifunza usafi wa chuma katika chumba kile, kwa mikono ile ile. Yakapanda polepole mpaka kwenye sanduku, kwa mzee aliyeinamisha kichwa. Akafunga mdomo.

"Nakuuliza!"

"Sina la kusema, afande."

"Huna? Basi vua mkanda."

Binti akapeleka mikono kiunoni. Akaanza kufungua bizimu ya shaba aliyokuwa ameisugua asubuhi ile kama kila asubuhi.

Inspekta hakumzuia. Alivuta kiti, akaketi mbele ya Fundi, magoti kwa magoti, akaivua miwani ikaning'inia.

"Baba," alisema kwa upole, "nimekuuliza mara mbili. Nakuuliza ya tatu, na safari hii hakuna chai wala jua. Nani aliifungua bastola hii mara ya mwisho?"

Mkanda wa Sisimizi uliachia. Mzee aliusikia mlio wake, akainua uso.

"Ni mimi," alisema Fundi. "Siku ya mazoezi nilimwona. Alijificha nyuma ya bomba, anakipuliza kiganja kama mtu aliyeshika chungu cha moto, asionwe na mtu. Nikasema, teke hili litaniumizia mtoto. Ningemwambia angekataa, tena angehama na sanduku lake. Nikaifunga springi hiyo kimya kimya, nikaijaribu kwa mkono wangu huu wa punda, ikatema, nikafurahi. Mrudishie mkanda wake, Mkuu. Wa kuvuliwa ni huu wangu."